Bunia: Kompyuta ikijizima ovyo, bareti zipimwe kabla ya kununua disiki mpya

Kompyuta inawaka asubuhi bila shida. Saa mbili baadaye kioo kinageuka bluu, mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, na kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea. Mjini Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, lawama huanza palepale: ni virusi, ni disiki dure, ni umeme. Windows inawekwa upya, disiki inabadilishwa, feza zinatoka. Siku tatu zikipita, kioo kinakuwa bluu tena.

Mara kwa mara mkosaji ni kipande kimoja chembamba na kirefu ambacho hakuna aliyefikiria kukigusa: bareti ya memwari. Kuipima hakuhitaji chombo cha bei kali. Kunahitaji flashi moja, programu ya bure, uvumilivu wa usiku mmoja na utaratibu usiorukwa.

Jambo hili linawahusu zaidi wale wanaotumia kompyuta za mezani zilizoungwa nyumbani au kwa fundi: karte mere kutoka mashine moja, prosesa kutoka nyingine, bareti mbili za alama tofauti zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti. Kompyuta ya namna hii ni ya bei nafuu na inaweza kutumika miaka mingi. Lakini hakuna kiwanda kilichopima vipande vyake vikiwa pamoja. Kazi hiyo inabaki kwa mwenye mashine.

Meza na kabati

Watu wengi wanachanganya memwari na disiki dure. Mfano mwepesi ni ofisi ya karani. Disiki dure ni kabati: makaratasi yanakaa humo hata usiku, hata umeme ukikatika. Bareti ni meza: kila karatasi inayofanyiwa kazi lazima iwekwe juu yake kwanza, na umeme ukikatika meza inakuwa tupu.

Memwari ya aina hii ilibuniwa na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1968. Kila tarakimu, yaani sifuri au moja, inatunzwa kama chaji ndogo sana ya umeme ndani ya kitundu kisichoonekana kwa macho. Chaji hiyo inavuja, kama maji katika ndoo yenye tundu. Kwa hiyo mashine inalazimika kuijaza upya kila mara, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Bareti ya giga 8 ina vitundu zaidi ya bilioni 68. Kimoja tu kikishindwa kushika chaji yake, moja inageuka sifuri, na kompyuta haina habari.

Hapo ndipo hatari ilipo. Disiki dure ikianza kufa, mara nyingi inapiga kelele au inakuwa nzito. Bareti mbovu inaweza kubadilisha tarakimu moja kimya kimya, na meza ikishaharibu karatasi, karatasi hiyo iliyoharibika ndiyo inayorudishwa kabatini.

Kura 4096 zilizotoka hewani

Mfano unaojulikana duniani ulitokea Ubelgiji. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek, mtaa wa Brussels, mashine ya kuhesabu ilimpa mgombea mmoja kura nyingi kuliko zilizowezekana kwa orodha yake. Hesabu iliporudiwa, tofauti ilikuwa kura 4096 kamili.

Namba hiyo si ya bahati. 4096 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12. Ni thamani ya tarakimu moja tu katika hesabu za kompyuta. Wataalamu waliochunguza hawakukuta kosa katika programu. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba tarakimu moja katika memwari iligeuka yenyewe kutoka sifuri kuwa moja. Kosa lilionekana kwa sababu lilivuka mpaka wa yanayowezekana. Kama lingekuwa dogo zaidi, pengine lisingegunduliwa.

Kugeuka kwa tarakimu mara moja na kutorudia ni jambo moja. Bareti iliyoharibika ni jambo lingine, na ndilo linalosumbua zaidi. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na kampuni ya Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa maelfu ya kompyuta za Google. Waligundua kwamba zaidi ya bareti 8 kwa kila 100 zilionyesha makosa ndani ya mwaka mmoja, na kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo ilitokana na vipande vibovu kabisa, si ajali za kupita. Bareti iliyokwisha kukosea mara moja ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea tena.

Kompyuta hizo za Google zina bareti maalumu zinazojikagua na kurekebisha kosa dogo. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina ulinzi huo.

Kwa Bunia, hii si hadithi ya mbali. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaandika kazi yake ya mwisho wa masomo. Kwa Wakongomani kazi hiyo nayo inaitwa memwari, na bareti mbovu inaweza kula memwari ya mwaka mzima. Sekretaria ya mtaani inatunza vyeti na barua za wateja. Shirika linaandika orodha za waliokimbia vita kutoka Djugu au Irumu, na jina likiruka au namba ikigeuka, kuna jamaa itakayokosa msaada bila kujua sababu.

Dalili za kuangalia

Bareti mbovu haina dalili moja. Zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Kioo cha bluu kinachotoa ujumbe tofauti kila mara. Programu moja mbovu kwa kawaida inarudia ujumbe uleule. Memwari mbovu inabadilisha.
- Windows inakataa kumaliza kuwekwa, ikisema faili imeharibika, ingawa flashi ileile inafanya kazi kwenye mashine nyingine.
- Faili kubwa zilizobanwa zinakataa kufunguka, au picha zinatoka na mistari ya rangi.
- Programu zinajifunga bila sababu, hasa pale nyingi zinapofunguliwa kwa pamoja. Kazi ndogo inatumia pembe moja ya meza. Kazi kubwa inafika mpaka kwenye sehemu iliyooza.
- Mashine inawaka, feni zinazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Karte mere nyingi zinatoa mlio au taa ya kuonya. Maana ya milio inatofautiana kwa kila kampuni, hivyo inafaa kuangalia kitabu cha karte mere hiyo.

Umeme, vumbi na safari ndefu

Mazingira ya Bunia yanaongeza maswali. Umeme unaotoka kwenye bwawa la Budana, kwenye mto Shari, lililojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo, hautoshi mji uliokua sana. Wengi wanahama kati ya umeme wa bwawa, jenereta na mitambo ya jua, wakati mwingine siku hiyohiyo. Umeme unaopanda na kushuka unachosha kwanza kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kisanduku kikichoka, bareti nzima inaweza kuonekana mbovu.

Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linaingia kila mahali. Linakaa kwenye feni, joto linapanda, na chembe zinaingia katika nafasi ambamo bareti inachomekwa. Tena, vifaa vingi vinafika kutoka Uganda, kwa njia ya Mahagi au kwa kuvuka Ziwa Albert, na kipande kilichofungwa vibaya kinatikiswa barabarani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kuona dalili hakutoshi kuhukumu bareti. Lazima ipimwe.

Hatua kwa hatua

Jambo la kwanza si kufungua kasha, ni kuokoa kazi. Faili za maana zinakiliwa kwenye disiki ya nje au flashi, bila kufuta nakala za zamani. Memwari ikiwa mbovu, hata kukili kunaweza kuharibu faili. Nakala ya wiki iliyopita inaweza kuwa ndiyo nzima.

Kisha mashine inazimwa na waya wa umeme unachomolewa ukutani. Kitufe cha kuwashia kinabonyezwa kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kabla ya kugusa chochote ndani, fundi anagusa chuma cha kasha kisicho na rangi. Umeme wa mwilini, ule unaoruka mtu anapovua sweta, unatosha kuua bareti bila hata kusikika.

Bareti zinatolewa kwa kufungua vishikio vya pembeni, zinapulizwa vumbi, na zinarudishwa kwa kukandamizwa mpaka vishikio vilie. Kazi hii ndogo peke yake inaponya kompyuta nyingi, kwa sababu bareti haikuwa mbovu, ilikuwa imekaa vibaya.

Meno ya bareti yamepakwa dhahabu. Wakaaji wa Ituri, ambako dhahabu inachimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20, hawahitaji kuelezwa kwa nini: dhahabu haishiki kutu. Lakini inaweza kufunikwa na mafuta ya vidole na uchafu. Dawa nzuri ni alkoholi kali kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kungoja ikauke kabisa. Mafundi wengi wanatumia gomu la kufutia penseli. Linasafisha, lakini ganda hilo la dhahabu ni jembamba mno. Likisuguliwa kwa nguvu kila mwezi linaisha, na vipande vya gomu vinabaki ndani ya nafasi.

Hatua inayofuata ni kuingia katika BIOS na kurudisha mipangilio ya kiwanda. Karte mere nyingi zinaruhusu bareti kukimbizwa kuliko kasi yake ya kawaida, kwa mpangilio unaoitwa XMP. Bareti mbili zisizofanana zinaweza kushindwa kasi hiyo na kufanya kazi vizuri zikipunguziwa mwendo.

Usiku wa kipimo

Windows ina kipimo chake. Mtumiaji anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, anaandika mdsched.exe, na mashine inajiwasha upya ili kujipima. Kipimo hiki ni cha haraka na kinakamata makosa makubwa. Kikisema kuna tatizo, kiaminike. Kikisema hakuna, kisiaminiwe haraka.

Kipimo cha kina zaidi ni programu ya bure Memtest86+. Ni nyepesi, haimalizi mega nyingi za intaneti. Inawekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows, kwa sababu Windows ikiwa imekaa kwenye meza haiwezekani kuikagua meza yote. Mashine za karibuni zikiikataa flashi hiyo, ulinzi wa Secure Boot unazimwa kwa muda katika BIOS.

Programu inaandika alama katika kila kitundu, inazisoma, inalinganisha. Inarudia kwa alama tofauti. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua nusu saa, saa moja au zaidi, kulingana na ukubwa na kasi ya memwari. Mizunguko minne au usiku mzima ndiyo inayoleta utulivu wa moyo. Umeme ukikatika katikati, bareti haidhuriki, lakini kipimo kinaanza upya. Ndiyo maana inafaa kuchagua usiku wenye umeme wa kuaminika, au kutumia betri.

Hukumu yake ni nyepesi: idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Hakuna kosa moja la kusamehewa.

Nani mkosaji?

Makosa yakionekana, hapo ndipo wengi wanakimbilia dukani, na hapo ndipo wanapopoteza feza. Kosa kwenye kioo linasema memwari imesomwa vibaya. Halisemi ni bareti gani, wala kama shida ni bareti yenyewe. Jibu linapatikana kwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Bareti zote zinatolewa. Ya kwanza inarudishwa peke yake katika nafasi ambayo kitabu cha karte mere kinapendekeza. Kwenye karte mere nyingi zenye nafasi nne, ni ya pili kuhesabu kutoka kwa prosesa. Inapimwa. Inatolewa, na ya pili inawekwa katika nafasi ileile na kupimwa. Majibu yanaandikwa kwenye karatasi.

Kama bareti moja inatoa makosa na nyingine haitoi, katika nafasi ileile, mkosaji amepatikana. Ili kuhakikisha, bareti hiyo inahamishwa nafasi nyingine: makosa yakimfuata, kesi imekwisha.

Kama bareti zote mbili zinakosea katika nafasi moja lakini ni nzima katika nyingine, shida ni nafasi hiyo. Inaweza kuwa vumbi, au waya uliokatika ndani ya karte mere. Mashine inaweza kuendelea kutumika kwa nafasi nyingine.

Kama kila bareti inakosea katika kila nafasi, ni vigumu bareti zote ziwe zimekufa siku moja. Uchunguzi unahamia kwenye kisanduku cha umeme, joto la prosesa, au vijino vilivyopinda chini ya prosesa. Kuazima kisanduku cha umeme kilicho kizima na kurudia kipimo kunatoa jibu.

Na kama kila bareti ni nzima peke yake lakini zikiwa pamoja zinakosea, basi hazipatani. Zinaweza kupunguziwa kasi, au moja ibadilishanwe na nyingine inayofanana na mwenzake.

Dukani: mitego minne

Mwenye kununua bareti, hasa iliyotumika, anakutana na mitego inayojulikana.

Wa kwanza ni kizazi. DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti kwenye meno, na umeme wake: volti 1.5 kwa DDR3 ya kawaida, 1.2 kwa DDR4, 1.1 kwa DDR5. Bareti isiyoingia isilazimishwe.

Wa pili ni bareti za DDR3 zinazouzwa kwa bei ya chini sana zenye maandishi kwamba ni za AMD peke yake. Ni nzima, lakini karte mere za Intel kwa kawaida hazizikubali. Wengi wamezitupa wakidhani ni mbovu.

Wa tatu ni Windows ya biti 32. Haiwezi kutumia giga 4 kwa ukamilifu, hata bareti zikiwa giga 8. Hapo dawa ni Windows ya biti 64, si bareti nyingine.

Wa nne ni kuondoka bila kipimo. Mnunuzi ana haki ya kuomba bareti iwashwe mbele yake na kupatana siku za kuirudisha. Flashi ya Memtest86+ mfukoni inamaliza mabishano mengi kati ya fundi na mteja.

Tangu mwisho wa mwaka 2025, mtego mwingine umeongezeka: bei. Viwanda vikubwa vimeelekeza memwari nyingi kwenye mashine za akili bandia, na bei za bareti za kawaida zimepanda duniani. Kutupa bareti nzima kwa kukosa kuipima kumekuwa hasara kubwa zaidi kuliko zamani.

Kama feza ya kubadilisha haipo

Kuna njia ya kusaidia. Kama makosa yako katika sehemu moja ndogo, Memtest86+ inaonyesha anwani zake. Linux inaweza kuamriwa kupitia GRUB isiguse anwani hizo, na Windows nayo ina orodha ya memwari mbovu ambayo fundi mzoefu anaweza kuijaza. Ni kama kufunika pembe iliyooza ya meza kwa kitambaa na kuandika upande mwingine. Inafaa kwa mashine ya kutazama filamu au kujifunzia kuandika. Haifai kwa mashine ya uhasibu wala ya orodha za watu, kwa sababu uozo unaweza kuenea.

Bareti za kampuni kadhaa kubwa zinauzwa na dhamana ndefu, hata ya maisha ya bareti. Kutoka Bunia, gharama ya kuirudisha inaweza kuzidi faida, lakini karatasi ya ununuzi itunzwe. Wakati mwingine muuzaji wa Kampala mwenyewe anabadilisha.

Baada ya bareti mbovu kutolewa, kazi haijaisha. Faili zilizoandikwa wakati wa ugonjwa zinafunguliwa moja moja na kulinganishwa na nakala za zamani. Windows inakaguliwa kwa amri ya sfc /scannow, au inawekwa upya. Safari hii itamaliza kuwekwa. Bareti iliyohukumiwa inaandikwa alama ya msalaba kwa wino usiofutika, ili isirudi sokoni na kuanza kusumbua jamaa nyingine.